Keki Yenye Kwato

Usiku wa kuamkia leo, ambao ndio wa kuamkia besdei ya Aikande, niliota vyakula vyote vya nyumba hii vimeitisha kikao cha kamati jikoni, na mimi nimechelewa.

Kwanza mnielewe. Mimi ni shangazi yake Aikande, na wifi yangu alinikabidhi jiko tangu juzi, maana kupika si fani yake na mwenyewe hakatai. Chakula cha watoto hakinitoi jasho. Aliyenitoa jasho ni Shamsa, rafiki kipenzi wa Aikande, ambaye ana aleji ya karanga na mayai. Na si aleji ya kujikunakuna, ni ile ya kukimbizana hospitali. Keki isiyo na mayai nilijaribu, ikatoka tofali. Mama Shamsa akaniambia nisijisumbue, mtoto atakuja na hotpoti yake, na wenzake wakianza kulishana keki atasimama nyuma kama siku zote.

Shamsa mwenyewe alikuwa pale. "Mimi nimezoea, Shangazi," akaniambia. "Huwa napiga makofi kwa nguvu."

Moyo uliniuma, sisemi uongo. Naye Aikande akatangaza kwamba Shamsa asipolishwa, basi hakuna atakayelishwa, na yule mtoto ana kichwa kigumu cha ukoo wetu. Nikaenda kulala sina jibu.

Sasa, jikoni. Mwenyekiti ni sufuria kubwa ya pilau, kavaa mfuniko upande. Ananitazama, anasema itifaki imezingatiwa, wasiohusika watoke.

"Wasiohusika ni akina nani?" nauliza.

"Si wewe uliyesema karanga zisisogee hata getini? Tekeleza."

Nageukia getini. Karanga wamejaa, wamevaa kaunda suti za rangi ya maganda yao, na kila mmoja kashika zawadi. Mkubwa wao anasema hawana nia mbaya, wanampenda tu mtoto. Namwambia naelewa, lakini leo haiwezekani. Anauliza kama wanaweza kuchungulia dirishani. Namwambia hata dirishani hapana. Anajifuta uso kwa leso, anaziweka zawadi chini kwa adabu, na wote wanavuka barabara kwenda kusimama upande wa pili.

Mayai hawakusubiri kufukuzwa. Walisimama kwenye trei yao, wakamwomba radhi mwenyekiti, wakatoka polepole sana kwa sababu ngazi zetu ni mbovu. Mmoja akanirudia kuniuliza kama kuku naye amekatazwa. Nikamjibu kwamba kuku hana kosa.

"Basi nisalimie mama," akasema, akaondoka.

Nafunga mlango, nageuka, na jiko limekuwa ukumbi wa harusi. Hakuna anayeshangaa, na mimi sishangai. Aikande yuko mbele na gauni lake la njano, kashika uma, na wageni wamepanga foleni ya kulishwa. Ila meza ni tupu. Anawalisha hewa. Kila anayelishwa anatafuna, anasema tamu kwelikweli, anapigiwa vigelegele.

Shamsa yuko nyuma kabisa, anapiga makofi. Kila akipiga kofi, ukumbi unarefuka, na yeye anazidi kuwa mbali. Nakimbia kumfuata. Napita viti, napita spika, napita geti letu lenyewe, bado simfikii.

"Acha kupiga makofi, mwanangu," namwambia.

"Siwezi, Shangazi. Ndiyo kazi niliyopewa."

Hapo MC, ambaye ni blenda yetu, anaomba utulivu. Anasema mgeni rasmi anaingia, tusimame.

Anaingia mbuzi. Namjua, ni yule aliyeletwa na kaka yangu, tuliyemfunga uani akimsubiri Mzee Kombo wa msikitini aje amchinje, nyama yake iliwe na wakubwa. Sasa ameshachinjwa na ameshachomwa mzimamzima, anang'aa, ana utepe mwekundu shingoni na jani mdomoni, na anatembea kwa miguu yake. Ndafu kamili.

"Mtanisamehe kwa matamshi, nina jani," anasema. "Nina swali moja tu. Kwenye harusi zenu mnaniingiza kwa muziki, mnanikata kwa kisu cha utepe, maharusi wanalishana nyama yangu, na mnaniita keki. Sina unga, sina yai. Leo mmenipangia sahani za wakubwa huko nyuma. Nimewakosea nini?"

Harusi zote nilizohudhuria huku Uchagani, namshangilia ndafu, nacheza mpaka kisigino kinakatika, na wazo lenyewe halikuwahi kunipitia kichwani.

Aikande hasubiri ruhusa. Anakata kipande, anamnyooshea Shamsa uma. Shamsa anaacha kupiga makofi, na ukumbi wote unajikunja, unarudi mfupi, mpaka wale watoto wawili wanasimama uso kwa uso. Shamsa anafungua mdomo.

Nyuma yangu mtu anakohoa. Ni kinu, kile kinu cha mti nilichoachiwa na mama.

"Naomba kuuliza," anasema. "Huyu mheshimiwa kapakwa vitunguu saumu. Vilitwangwa wapi?"

"Kwako," nasema.

"Na Jumapili ulitwanga nini ndani yangu?"

Jumapili nilitwanga karanga za kuungia mchicha, kisha nikamsuuza juujuu kwa maji, nikaona ametakata.

"Mbona hukusema mapema?"

"Nani kaniuliza? Mmewahoji vyakula, mpaka mafuta mmeyauliza yametokana na nini. Sisi vyombo hatukuitwa kwenye kikao."

Nampokonya Aikande uma. Ukumbi unaguna. Mbuzi hakasiriki hata kidogo, anaomba maji ya moto na limao, anajisugua mbele ya watu mpaka kwenye kwato. Nakata vitunguu vipya kwa kisu kipya, juu ya ubao mpya, nampaka upya. Kinu naye anajitoa mwenyewe nje, anavuka barabara kwenda kukaa na karanga, na naona wanamsogezea kiti.

Aikande anakata kipande kingine. Safari hii analisha. Shamsa anatafuna, na ukumbi mzima umenyamaza, hata blenda. Anameza.

"Tamu," anasema. "Ila imepungua chumvi."

"Chumvi imebaki kwenye kinu," mbuzi anamweleza kwa upole.

Nikacheka mpaka nikajiamsha.

Kulikuwa kumekucha, mbuzi analia uani. Sikunawa uso, nilikwenda moja kwa moja kwenye kinu. Vitunguu saumu na chumvi nilivyotwanga jana jioni kwa ajili ya pilau vilikuwa mle ndani, kama nilivyoviacha, na kwenye ufa wa mti, pembeni kabisa, kulikuwa na ganda jekundu la karanga. Nikamwaga vyote, nikakitoa kinu nje ya geti, nikanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha nikamwamsha Aikande nikamwambia keki tumeipata, ina kwato nne. Alirukaruka kitandani mpaka ubao mmoja ukachomoka.

Nikampigia Mama Shamsa kumuuliza kama binti yake anaruhusiwa mbuzi wa kuchoma. Akasema mbuzi anamla mpaka mifupa, kwani kuna nini? Kabla sijamweleza, akaanza kucheka.

"Halafu huyu Shamsa wako kaamka na vituko vyake," akasema. "Ananing'ang'aniza nikwambie kwamba keki ni tamu, ila uongeze chumvi."

Nikamwambia amjibu kwamba Shangazi kasikia, na chumvi ataongeza.