Usimwambie Binti Yangu

Wagonjwa wa wodi ya wanaume walimwita Sista Polepole, kwani hata bomba la maji likipasuka aliliendea kwa mwendo wa bibi harusi. Asubuhi ile alifika kitandani kwa fundi viatu, mzee wa maneno mengi aliyelazwa kwa ajili ya goti na aliyekuwa aruhusiwe mchana. Alimkuta kimya. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi.

"Leo hunitanii, mzee wangu?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Niongeze maji."

Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Mapigo ya moyo yalikwenda mbio ilhali mtu amelala chali. Presha ilikuwa nzuri, na mwingine angeridhika nayo, lakini sista alijua presha ndiyo huwa ya mwisho kusalimu amri. Akavuta kope la chini la jicho: weupe mtupu, bila dalili ya damu. Hapo akakumbuka vidonge vya maumivu ambavyo mzee alivitafuna kama njugu kabla ya kulazwa.

"Baba, choo chako kikoje?"

Mzee akatazama ukutani. "Cheusi. Kama lami. Tangu jana."

Vile vidonge vilimtia kidonda; alikuwa akivuja damu tumboni.

"Usiseme," mzee akamshika kiganja. "Binti yangu yuko kwenye mtihani wa mwisho. Alishauacha mara mbili kwa maradhi yangu. Niache niende nyumbani, kesho nitarudi mwenyewe."

"Kesho huenda usiwepo, baba. Daktari sitamficha, nakwambia mapema. Kuhusu binti, neno ni lako. Ila huenda ukapasuliwa, na kwenye upasuaji hakuna wa kukuahidi kitu. Hutaki akuone kwanza?"

Mzee alifumba macho. Sista akamuuliza leo ni siku gani, yuko wapi, na akikataa matibabu kitamkuta nini. Alijibu yote sawasawa. Akili zilikuwa zake.

"Daktari, sawa. Binti, hapana. Niahidi."

"Naahidi," sista akasema.

Siku hiyo Polepole alikimbia. Daktari akaja, damu ikatundikwa, mzee akasukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Mlango ulikuwa haujatulia bado simu ya wodi ilipolia.

"Sista, shikamoo. Tumepewa mapumziko kidogo, nikasema niulize. Baba keshajiandaa kutoka?"

Uongo ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, mdogo, mtamu: hajambo, we endelea na mtihani. Sista akaumeza.

"Marahaba. Baba ameniomba nisizungumze habari zake."

"Ameomba? Baba yangu huyu, asiyejua kunyamaza?"

"Siwezi kusema zaidi, dada yangu."

Simu ikakatika.

Binti alifika akihema, mtihani ameuacha, kalamu bado mkononi. Kitanda kilikuwa kitupu. Alipoambiwa na mgonjwa wa kitanda cha jirani kwamba baba yu hai lakini yuko chumba cha upasuaji, alimsogelea sista hadi pumzi zao zikakutana.

"Asipotoka mzima, utaniambia nini?"

Sista alimletea kiti, akasimama kando yake. Je, kama mzee angekufa bila binti kumwona, kwa ajili ya ahadi ile? Kila mlango uliofunguliwa kwenye korido uliwashtua wote wawili.

Hatimaye daktari akatokea, barakoa kidevuni. "Kidonda tumekishona. Damu imesimama."

Binti alilia kwa sauti. Hakushukuru mtu.

Jioni mzee alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Amemaliza mtihani?"

"Muulize mwenyewe," sista akasema. "Yuko miguuni pako."

Mzee alimwona binti, kisha akamgeukia sista. "Uliniahidi."

"Hakuniambia," binti akadakia kwa ukali. "Na hilo sitamsamehe." Akainama, akamfunika baba yake miguu.

Sista akaenda kitanda cha pili, ambako mgonjwa alikuwa akiita kitambo. Akamshika mkono, akaanza kuhesabu mapigo, hesabu ikampotea. Akaanza upya.