Taa Nne za Barabara ya Mnadani

Usiku wa jana niliota nimeshaondoka. Niko ndani ya bajaji, begi mapajani, sijaaga mtu. Ndipo nikaona siko peke yangu. Pembeni amekaa Nyamizi, mtoto wa dada yangu, mimba ya miezi tisa, anahema kwa uchungu. Dereva, anayeitwa Machibya, akasema tunakwenda hospitali na njiani kuna taa nne.

Akanieleza na sheria, kwa utulivu wa mtu anayetaja vituo. Mtoto akizaliwa kwenye taa nyekundu atasimama palepale maisha yake yote. Akizaliwa kwenye kijani hatatulia popote.

"Mjomba," Nyamizi akasema, "asizaliwe kwenye kijani. Mmoja kama wewe anautosha ukoo."

Tangu kitovu changu kizikwe sijamaliza miaka miwili katika mji mmoja.

Taa ya kwanza ni nyekundu. Tunasimama. Mara niko ndani ya lile kabati la chuma linaloongoza taa, magoti yamegusa kidevu. Niliwahi kumshikia bisibisi fundi wa taa, wiki tatu tu, basi kabati likaniamini. Nikaliuliza mbona taa zinachelewa. Likasema namba hazina kosa: mzunguko ni sekunde tisini, na kila taa inafunguka sekunde ishirini baada ya mwenzake, ili gari likitoka ya kwanza lizikute zote kijani. Shida ni adabu. Taa haiwezi kufunguka bila kumwamkia mkubwa wake, na ikishaamkia lazima iulize habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kijani chote kinaishia kwenye salamu.

Nikasema salamu zikatwe.

"Wewe umelelewa wapi?" kabati likauliza.

Huko nje namsikia Nyamizi analia. Nikabonyeza vitufe nikapanga upya: kila taa ianze kuamkia wakati mwenzake bado yuko kijani, zamu yake ikifika habari za mvua ziwe zimekwisha. Kabati likafikiri, likasema hilo linaruhusiwa.

Mara niko tena kwenye bajaji, tunakwenda. Ya kwanza kijani, ya pili kijani, ya tatu kijani, Machibya hagusi breki. Ya nne nyekundu. Hii ndiyo mkubwa wao, haina wa kumwamkia. Nyamizi amebana meno, ananiambia kichwa kinatoka.

"Nani hapo hajaniamkia?" taa ikauliza.

Machibya akaamkia haraka. Ikasema si yeye, ni huyo mzee mwenye begi.

Nina miaka sabini na moja. Taa yenyewe imesimikwa juzi, saruji ya mguuni bado mbichi. Nimefukuzwa miji mingi kwa sababu ya mdomo wangu huu. Nikamtazama Nyamizi. Nikavua kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

Nikasema za nyumbani ni nzuri. Nina miaka minane sijafika.

Ikafunguka. Nyamizi akajibana mpaka tukaipita.

Nilipoamka jua limeshapanda na kwenye simu kuna ujumbe wa dada. Nyamizi amejifungua alfajiri. Kwenye kadi ya mtoto, penye mahali alipozaliwa, nesi ameandika: getini.

Mtoto ni wa kike, analala vizuri. Mama yake ameshakunywa uji. Dereva kweli anaitwa Machibya. Ameosha kiti, amerudi kazini. Taa zinafanya kazi. Basi la kwenda nyumbani lilikuwa na nafasi. Nikaliacha, nikapanda la Mpanda.