Marahaba Iliyochelewa

Mwalimu Fakhria alikuwa na ugonjwa mmoja: akikuta salamu kwenye hadithi ya mwanafunzi, anazikata. Alifundisha Kiswahili darasa la jioni la watu wazima, Tabora mjini, na pembeni ya kila shikamoo aliandika: "Haina kazi. Ingia kwenye kisa."

Basi siku hiyo akamrudishia Eustadia hadithi yake. Eustadia alikuwa akija darasani kutoka kijiji cha Ntalikwa na mtoto mgongoni, na alikuwa ametunga kisa cha binti aliyetoroka kwenda kuolewa, sasa anarudi Igalula kwa mama yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu tupu. Wote ulikuwa umekatwa.

Eustadia akautazama. "Mwalimu, mimi kuandika basi. Jumatatu usinihesabu."

"Hasira za nini, mwanangu? Nakusaidia."

"Sawa. Ila wewe mwenyewe ulishawahi kutunga hadithi, hata moja?"

Darasa likaangua kicheko. Amon, fundi baiskeli, akapiga meza. "Hilo swali la mtihani, mwalimu!"

Fakhria alicheka nao, lakini moyoni ile Jumatatu ilimuuma. Karatasi ya Eustadia ndiyo aliyokuwa akiiweka juu ya nyingine zote, aisome kwanza.

Jumamosi asubuhi akaketi atunge. Ndugu wawili wamegombea shamba, mdogo anarudi kutoka Kaliua. Akamfikisha nyumbani kwa kaka yake, akamwingiza moja kwa moja: "Nataka shamba langu." Akamsomea mumewe, Darwesh.

"Huyu ni mwizi?" Darwesh akauliza. "Kaingia nyumba ya watu bila hata hodi!"

"Ni mdogo wake."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Akarudi, akampa hodi. Kaka kimya. Hodi ya pili, kisha shikamoo, na hapo kalamu ikagoma. Kaka akisema marahaba, ugomvi umekwisha nusu. Asipoitikia, yule mdogo atasimama mlangoni na aibu yake mpaka lini? Fakhria hakujua. Wali ukaungua, nyumba ikajaa moshi, naye bado yuko mlangoni na watu wake wawili. Ndipo akaelewa alichomkatia Eustadia.

Hakungoja Jumatatu. Alasiri hiyohiyo akapanda bodaboda mpaka Ntalikwa, akamkuta Eustadia uani anapukuchua mahindi, mtoto kalala mkekani.

"Shikamoo mwalimu. Kwema?"

"Marahaba. Kwema. Nimekuja unisahihishie."

Fakhria akasoma hadithi yake. Eustadia alicheka mpaka akaziba mdomo asimwamshe mtoto. "Mwalimu, huyu mdogo anaongea kama tangazo la mkutano!"

"Kumbe ni kazi hivi! Ule ukurasa nilikosea kuukata, mwanangu. Nisomee wewe, na salamu zake zote."

Eustadia akauleta, umekunjamana. Binti kapiga goti, kasema shikamoo. Mama anachambua mchele, hainui macho. Binti anauliza habari za baba, za majirani, za mbuzi hata. Mama anachambua. "Shikamoo mama," tena.

Eustadia akaiweka karatasi chini.

"Akaitikia?" Fakhria alikuwa ameshasogea ukingoni mwa kigoda.

"Niliandika kaitikia upesi. Sasa naona bado. Jumatatu nitawasomea wenzangu, nisikie wanasemaje."

"Njoo. Na wangu bado yuko mlangoni," Fakhria akasema, akachukua hindi, wakawa wanapukuchua pamoja.