Siku Mtumbwi Ulipopanda Mlima

Watu wakiniuliza nilipenda nini katika safari ile ya mtoni, wanategemea niseme maji. Maji niliyajua ziwani kwetu Uvira kabla wao hawajazaliwa. Nilichopenda ni pale mto unapokataa, mawe yamejaa, nawe unashuka, unauweka mtumbwi begani na kuupitisha nchi kavu kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Vijana wanaita portage. Mimi nasema kubeba. Na tulibeba sana, maana ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2012, mto Mgeni wa huku Durban umekonda mpaka mbavu zinaonekana. Lakini kuna mlima mmoja ambao ilibidi nipiganie kubeba juu yake, na huo ndio ninaoupenda.

Mjukuu wangu Mireille alikuwa anasoma chuo kule Westville, akajiunga na klabu ya mitumbwi. Mtumbwi wao unakaa watu wawili. Mwenzake alivunjika kidole, basi Mireille akaja nyumbani akaniambia kwa utani, wa mtu na bibi yake, "Koko, si unajua kupiga kafi? Twende basi." Nikasema twende. Akacheka. Mimi nikaenda kutafuta kofia.

Baba yake hakucheka. Huyo ni mwanangu Honoré, anayetengeneza simu mjini.

"Mama, watu wa kanisa watasema nini? Mama ya Honoré anabebeshwa mitumbwi porini."

"Watasema Mama ya Honoré iko na nguvu."

Akaona hanipati, akamgeukia mtoto. "Ataenda. Lakini habebi kitu. Hata kikombe. Umenisikia?"

"Ndiyo, papa."

"Niahidi."

Akaahidi.

Ninyi mnajua kwetu. Mtu mzima akionekana na mzigo, kijana aliye karibu lazima ampokee, asipompokea aibu ni yake na ya waliomzaa. Hata hapa Durban nikishuka kwenye taxi na mfuko wa viazi, Mkongo ambaye simjui atavuka barabara mbio, taa za robot nyekundu au kijani, aseme, "Mama, leta nikupokee." Ni heshima, sikatai. Ila klabu ile nayo ilikuwa na desturi yake.

Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa Kizulu, Khanyile, mfupi, miguu imejaa kama ya mchezaji mpira. Asubuhi ya kwanza alitukusanya kwenye mchanga akasema anayepiga kafi ndiye anayebeba, kila mtu na mwenzake, mtumbwi wao. "Mto hauna abiria." Akasema tena kwamba bakkie, lile gari lao la mizigo, itakutana nasi mara moja tu, kesho yake asubuhi, pale barabara inapogusa mto. Baada ya hapo ni mlima na pori mpaka mwisho, kwa hiyo asiyeweza kubeba atarudishwa mjini kwa gari hilo. Alisema Kiingereza polepole, na palipobaki Kizulu changu cha sokoni kikanisaidia. Mireille alielewa kuliko mimi. Aliangalia pembeni.

Mawe ya kwanza yalipotuzuia nilishuka, nikakaza kitenge, nikainama. Nikakuta pua ya mtumbwi imeshachukuliwa. Ni Hardy, mwanachuo mwenzake Mireille, kijana wa Lubumbashi, mrefu kama nguzo ya umeme.

"Koko, leta."

"Nilete nini? Wewe uko na mtumbwi wako."

"Nitaurudia."

Na kweli aliurudia, maskini, mwenzake anamngoja na jasho linamtoka mara mbili. Mimi nikafuata nyuma na kofia mkononi kama mgeni aliyechelewa msibani.

Mahali pa pili nilikamata makafi yote mawili. Mireille akaninyang'anya. Mahali pa tatu niliruka kabla mtumbwi haujasimama, maji ya magoti, nikashika kamba ya mbele kwa mikono miwili. Hardy akaja akanitoa vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Koko, usituaibishe mbele ya hawa watu."

"Hawa watu ndio wanabeba, Hardy. Angalia. Hata mzungu yule mzee anabeba."

"Yule hana wajukuu hapa."

Jioni tukiwa tunakula pap, ugali wa huku, na maharage, Khanyile alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Gogo, kesho utapanda bakkie." Gogo kwa Kizulu ndiyo Koko.

"Kwa nini?"

"Hujabeba. Sikulaumu. Lakini kesho ni mlima, na vijana wako wakibeba mitumbwi miwili kwa kupokezana, giza litatukuta juu."

"Sikubeba kwa sababu nimenyimwa."

"Hayo ni ya nyumbani kwenu, Gogo. Mimi naangalia mabega."

Nikamtazama Mireille. Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilishatakata.

Asubuhi bakkie ikaja. Hardy akaweka mkoba wangu nyuma ya gari, nikautoa. Akauweka tena, nikautoa, safari hii nikaufunga ndani ya mtumbwi wetu. Halafu nilikunja kitenge, nikakiweka begani, nikainua pua ya mtumbwi na kuilaza juu yake. Mkia ukabaki mchangani. Nikasimama.

"Koko, tua," alisema Mireille.

"Shika mkia."

"Nilimwahidi papa."

"Tulipokimbia Uvira wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Papa yako hakusema mama habebi kitu. Aliniongezea na sufuria kichwani."

Hardy alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Dereva akapiga honi.

"Mwambieni apige mpaka betri iishe," nilisema.

Khanyile aliangalia saa yake. "Gogo, tunaondoka."

"Nendeni. Mtanikuta hapa."

"Na mtumbwi?"

"Na mtumbwi."

Bega lilianza kuwaka moto, sitadanganya. Lakini mimi nimesimama kwenye foleni za makaratasi ya ukimbizi toka alfajiri mpaka dirisha linafungwa usoni mwangu, na kesho yake nikarudi kusimama. Msichana wa chuo angenishinda kwa mambo mengi, siyo kwa kusimama. Wengine wakaanza kubeba, wakatupita wakiangalia chini. Mireille akanizunguka. Akaita Koko. Akaita Koko tena kwa sauti ya utotoni, ile ya kuomba biskuti. Sikugeuka. Dereva akawasha gari, akazima.

Mwishowe pua ikawa nyepesi begani. Mkia ulikuwa umeinuka.

"Ukianguka," alisema nyuma yangu, "nitamwambia papa ulinilazimisha."

"Mwambie. Si ndiyo kweli?"

Tukaanza kupanda. Njia yenyewe ya mbuzi, nyembamba, mawe yanateleza chini ya viatu, na mishubiri imesimama pande zote na miiba yake ikingoja mtu ayumbe. Mwanzoni tuligombana. Nikienda kushoto, yeye kulia, mtumbwi unanipiga sikio.

"Koko, punguza."

"Ongeza wewe."

"Uko unavuta."

"Na wewe uko unasukuma. Amua moja."

Mpaka miguu yetu ikasikilizana yenyewe. Majani ya jirani yalikuwa yamechomwa, harufu ya moshi na ya mbuzi ikatufuata hadi juu. Tulikutana na mama mmoja wa bonde lile anateremka na ndoo ya maji kichwani. Alisimama kando kutupisha, akanisalimu, "Sawubona, Gogo," nami nikamjibu. Hakusema leta nikupokee. Alikuwa na ndoo yake, mimi na mtumbwi wangu, kila mmoja akaendelea. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunisalimu vizuri namna ile.

Karibu na kilele tukautua mtumbwi, nikashika kiuno, napumua kama mvukuto. Hardy alikuwa ameshafikisha wa kwake juu. Akatuona, akashuka mbio, mkono ukawahi kamba kabla hajasimama.

"Koko, leta nikupokee. Umefika mbali, inatosha. Watu wote wameona."

Nikaishika kamba ile ile kwa mkono mmoja.

"Hardy, toa mkono," alisema Mireille.

"Lakini Koko..."

"Huyo ni mwenzangu wa mtumbwi. Nenda kabebe wako."

Kijana wa watu alimtazama kama aliyetukanwa. Hakuzoea kusikia maneno hayo kwa mtoto wa Kikongo aliyelelewa vizuri. Nami nikainama upesi nikainua pua kabla yeyote hajabadili mawazo. Khanyile alikuwa wa mwisho, mtumbwi wake mdogo wa mtu mmoja begani. Alitupita bila kusimama. "Sharp, Gogo," akasema, ndiyo safi yao ya huku.

Kushuka ndiko kubaya kuliko kupanda, mtumbwi unataka kukutangulia. Nilikanyaga kwa kisigino, Mireille anaurudisha nyuma kwa uzito wake wote, na hapakuwa na mtu wa kutuambia polepole. Tukafika majini. Tukautua. Nikakaa mbele, mahali pangu.

Nilipotaka kushika kafi, mikono ilikataa. Nikaliweka kafi juu ya mapaja, nikakaza macho mbele kama mtu anayechunguza mawe. Mireille alielewa. Alipiga kafi peke yake hadi kona ya kwanza, akapita, akaenda hadi ya pili. Hakusema pole. Hakusema pumzika, Koko. Nami nikamwacha apige. Niligombania kubeba; kupiga kafi sikugombana na mtu.