Neno Dogo Kwenye Kiroba

Mwanaidi alikuwa na kiburi kidogo cha kazi, na tusimlaumu. Mwaka ule wa tisini na saba kompyuta za kupangia kurasa zilikuwa za kuhesabika mjini Dodoma, na moja ilikuwa mbele yake, katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha Bwana Respicius, nyuma ya stesheni ya reli. Bwana Respicius ndiye aliyemfundisha. Alikuwa akisema, kwa ile sauti yake ya mhadhiri asiye na chuo, kwamba ukurasa ni sebule: mgeni akiingia tu ajue akae wapi. Kwa hiyo chagua neno moja liwe kubwa, mengine yalifuate. Acha nafasi tupu, usijaze kila kona. Mistari ianzie pamoja na iishie pamoja. Mwanaidi aliyashika hayo kama mtoto wa madrasa anavyoshika juzuu.

Kazi ya mbegu ililetwa na Eliakimu. Enzi hizo biashara ya mbegu ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na kila mwenye lori na maneno matamu alijiita kampuni. Eliakimu alikuwa na vyote viwili. Mbegu zake za mahindi zilikuwa zimepakwa dawa ya kuua wadudu, nyekundu zote, na alitaka kila kiroba kibebe onyo: mbegu hizi si chakula.

"Lakini dada yangu, lipendeze," alisema. "Watu siku hizi wananunua kwa macho."

Likapendeza. Mwanaidi aliweka MBEGU HIZI SI mstari wa juu, na CHAKULA mstari wa chini. Alitaka mistari yote miwili ijaze upana wa kiroba bila kuzidiana, na kwa kuwa chini kulikuwa na neno moja tu, ilibidi alinenepeshe na kulirefusha mpaka likafika kingo zote mbili. Maneno matatu ya juu yalibanana kwa adabu. Bwana Respicius alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa, akasema hiyo sasa ndiyo kazi. Vikachapwa viroba vichache vya majaribio, na Mwanaidi akaomba kimoja akamwonyeshe mama yake.

Mama yake, Bi Joha, alikuwa amekuja kutoka kijijini Busi baada ya mvua kukataa na shamba kukauka. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya kisomo cha watu wazima, wakati hata Kiswahili chenyewe alikuwa bado anakipapasa, maana nyumbani kwao lugha ni Kirangi. Tangu hapo Busi nzima ilimjua. Kadi ya kliniki, pakiti ya vidonge, tangazo la mkutano, vyote vilipelekwa kwa Bi Joha, naye alivisoma kwa sauti, bila haraka, shingo ameinyoosha. Hakuwa na cheo kingine duniani, na hicho kilimtosha.

Mwanaidi alimkuta uani anachambua mlenda na jirani yao Evelina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini?"

"Kazi yangu hiyo. Nimeipanga mwenyewe." Akakikunjua kiroba, akakiinua mbele ya kifua.

Mama alifuta mikono kwenye kanga. Macho yake yalitua, midomo ikacheza, na uso ukafunguka wote.

"Chakula!" akasoma. "Alhamdulillahi! Evelina, chakula cha msaada kimefika. Kinagawiwa wapi?"

Evelina alikuwa ameshasimama. Mwanaidi akaangua kicheko.

"Mama, umeruka neno! Anzia juu. Mbegu hizi si chakula. Zina sumu hizo, ukila unakufa."

Bi Joha alisogea karibu. Alipitisha kidole kwenye mstari wa juu, pole pole, hadi mwisho, akalipata. Si. Evelina naye akacheka, bila ubaya wowote, kicheko cha mtu aliyekwishaanza kutafuta ungo wa kupokelea. Mama hakucheka.

"Kumbe," alisema. "Basi nimezeeka." Akarudi kwenye mlenda wake.

Mwanaidi hakulitilia maanani mpaka siku moja aliporudi kutoka kazini akamsikia Evelina mlangoni na chupa ya dawa ya mtoto. Alikuwa anaomba asomewe ni vijiko vingapi vya kumpa. Dawa za namna hiyo Bi Joha alikuwa amezisoma miaka nenda rudi.

"Msubiri Mwanaidi," mama alikuwa akisema. "Mimi nitakuulia mtoto."

Hapo ndipo kicheko cha siku ile kilipotumbukia nyongo. Aliisoma ile chupa, akamwambia Evelina vijiko, halafu akaingia ndani akakitandika kiroba kitandani na kukitazama kwa hasira. Alijaribu kukiona kama alivyokiona mama: mtu asomaye kwa kutafuta, mwaka wa njaa, gunia mbele ya macho. Jicho lake lingekwenda wapi? Lugha yetu inakataa kwa sauti ndogo. Si, ha, usi, vijineno vya kupachika tu, lakini ndivyo vinavyogeuza maneno yote. Na yeye, mtaalamu, alikuwa amelinenepesha lile lililokatazwa na kulisonga pembeni lile linalokataza. Mama hakuruka kitu. Alikaa pale pale alipokalishwa.

Kesho yake Bwana Respicius hakutaka kusikia.

"Neno lipo, Mwanaidi. Asiyeliona tumfanyeje? Na mama yako, kwa heshima zote, kasoma ukubwani."

Mwanaidi alikasirika, akachukua kiroba kimoja kwenye vile vya majaribio. Eliakimu alipoingia kuulizia mzigo wake, Mwanaidi alikinyanyua kiroba mbele yake na kukishusha papo hapo.

"Umesoma nini, kaka?"

"Mbegu... chakula," Eliakimu akajibu. Kisha akajishtukia. "Aa, lakini mimi najua kilichoandikwa!"

"Wewe unajua kwa sababu uliagiza. Mkulima wa kule Hombolo hakuagiza. Yeye ana njaa."

Eliakimu alitafuta kiti akakaa. Bwana Respicius alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Anza upya," alisema. "Hivyo tulivyochapa vichomwe."

Safari hii Mwanaidi hakuanza na kinachopendeza. Aliandika SUMU katikati ya kiroba, herufi nene, na kulizungushia nafasi tupu pande zote ili jicho lisipate pengine pa kwenda. Chini yake, kwa herufi ndogo ila zinazosomeka: Mbegu za kupanda tu. Usile. Bwana Respicius aliuliza CHAKULA kimekwenda wapi. Mwanaidi alimjibu kwamba kimetolewa, hakikuwa na kazi pale.

Alikipeleka kiroba kipya nyumbani Jumamosi mchana. Alikitundika tu kwenye msumari wa mlango wa jikoni, akajifanya anatafuta kibiriti. Evelina alikuwepo, akauliza ndiyo kile cha juzi au kingine. Bi Joha aliinua macho kutoka kwenye ungo. Midomo ikacheza, na Mwanaidi, aliyekuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho, akaona kwamba amekwishalisoma. Lilimwingia mara moja, kabisa, kama alivyotaka.

"Sumu," mama alisema, kwa sauti ya chini.

"Ndiyo mama! Ndivyo hasa."

"Na nini tena?"

"Mbegu za kupanda tu, usile. Basi, mwisho hapo."

Bi Joha aliweka ungo chini, akaenda mlangoni. "Nimeruka lipi?"

"Hujaruka, mama. Hata siku ile hukuruka. Kosa lilikuwa langu mimi, nililiweka vibaya."

"Usinifariji, mwanangu."

Alikishusha kiroba kwenye msumari. Alipitisha kidole juu ya SUMU, akateremka, akapita kwenye ile nafasi nyeupe ambayo Mwanaidi aliiacha makusudi, akaenda kwenye kingo, akakigeuza nyuma ambako hakukuwa na kitu, na kuendelea kulitafuta lile neno dogo aliloamini ameliruka tena.