Mgonjwa wa Kwanza

"Toa ulimi, Kokwa," alisema mganga mkuu, na mtoto akautoa. Uvimbe uliokuwa katikati ya shingo yake ukapanda juu. Wajumbe wa kamati ya uzinduzi wakacheka kwa raha, wakaomba arudie.

Mama yake, mnyonyoa kuku wa sokoni, alisimama nyuma, manyoya yamemganda kwenye gauni. Kokwa alizaliwa na uvimbe ule. Daktari mpasuaji alishamweleza wazi: ni kifuko cha maji, kinatolewa na mtoto anapona, ila kitolewe kabla hakijaingia usaha. Hayo aliyasema kabla ya mvua. Mvua zikaja zikaisha, na chumba kipya cha upasuaji kilikuwa bado kimefungwa utepe mlangoni. Taa zipo, kitanda kipo, mashine ya usingizi ipo. Kilichokosekana ni mtu mkubwa mwenye mkasi.

"Una bahati, mama," mganga mkuu alisema. "Mwanao ndiye mgonjwa wa kwanza. Mheshimiwa atapiga naye picha."

"Kile chumba cha zamani je, daktari?"

"Kina giza kile. Picha haitoki."

Siku ya uzinduzi Kokwa alifika hajala wala kunywa, kama walivyoagizwa. Uvimbe ulikuwa umewiva, mwekundu, na mwili wote unachemka. Mpasuaji aliugusa kwa kidole kimoja tu.

"Umeshaingia usaha," alimwambia bosi wake. "Leo hapasuliwi. Mpaka atumie dawa kwanza."

"Mheshimiwa yuko njiani."

"Mzee, nikimkata sasa nitamuumiza."

"Nani kasema umkate? Mfunge bendeji."

Mpasuaji, na shahada zake mbili, alikwenda kuleta bendeji, akamfunga Kokwa shingoni.

"Lakini hamjamfanya kitu," mama alisema.

"Atafanyiwa, mama." Mganga mkuu alishusha sauti. "Ukitaka kurudi hapa na mwanao, tusiaibishane mbele ya wageni."

Mama alitamani kumtemea mate usoni. Lakini mpasuaji mwingine hakuwepo karibu, na mwenye funguo za chumba ndiye huyo.

Mheshimiwa aliingia alasiri, shingo imemwagika juu ya kola. Akakata utepe, akambeba mtoto, akageukia kamera.

"Mtoto huyu alikuwa anateseka," alisema. "Leo mnamwona wenyewe. Sisi si watu wa maneno."

Watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga, na aliichukia mikono yake ikipiga.

Wakubwa walipokwenda kula, vijana wawili waliitoa mashine ya usingizi wakaipakia kwenye gari. Ilikuwa ya kuazima. Mganga mkuu alitia kufuli mlangoni, akawahi karamu. Dirisha la dawa nalo lilikuwa limefungwa, kwa kuwa mtoa dawa naye ana tumbo la kujaza karamuni.

Kwenye benchi la nje, mama alinyoosha mkono aifungue bendeji amtazame. Kokwa akaurudisha ule mkono taratibu.

"Usiguse, mama," alisema, sauti imekwaruza. "Wameshautoa uvimbe. Panauma kidogo tu, na sikulia."

Akamtazama, akisubiri asifiwe. Mama akamwambia yeye ni hodari.