Wanaochungulia Nauli

Kazini walimwita Bi Makadirio, na jina lenyewe alilipenda, asikudanganye mtu. Kazi yake ilikuwa kukisia ni watu wangapi watataka kupanda ndege ipi, ili kampuni ijue ipandishe nauli au iishushe. Kompyuta ilihesabu waliochungulia bei mtandaoni, yeye akaamua.

Wiki hiyo safari moja ilimtoa macho. Watu waliichungulia asubuhi, mchana na jioni. "Hii ina wenyewe," alimwambia bosi wake, akapandisha nauli. Kesho yake wakazidi, naye akapandisha tena. Ofisini alitembea kifua mbele.

Jioni mama yake akapiga simu. "Mwanangu, shangazi yako haji harusini kwako. Nauli imepaa, haishikiki."

"Safari ipi, mama?"

Mama akamtajia ileile. Loo! Bi Makadirio nusura akalie hewa. Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu ananyonya kidole, na harusi bila yeye hakuitaka.

"Si ulituambia tusinunue haraka, tuchungulie kila siku mpaka ishuke?" mama akaendelea. "Basi shangazi kawapanga mabinti, wakwe na wajukuu, wote wanachungulia kwa zamu. Anayesahau anafokewa."

Kumbe umati wote ule ulikuwa ukoo wake. Alikuwa amejipalia makaa kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi alimkabili bosi, aibu imemjaa.

"Unataka nishushe nauli kwa ajili ya harusi yako?" bosi aliuliza, uso mkavu.

"Hapana, bosi. Nimefuatilia. Wanaochungulia ni simu zilezile za ndugu zangu, na walionunua ni wa kuhesabu. Tukiiacha hivi, ndege itaruka na viti vitupu. Nimeharibu mimi, naona haya hata kusema."

Bosi alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Nauli ikarudi ilikokuwa.

Harusini shangazi alifika na kundi lake zima, akamng'ang'ania bibi harusi kwa machozi na vicheko. Bosi naye alikuwapo, sahani mkononi.

"Wenzangu walishakata tamaa," shangazi alisema. "Mimi nikamwombea huyo mtu wenu anayepandisha nauli. Nikasema, Mungu, mlainishe moyo. Kesho yake ikashuka."

Bosi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Amina, shangazi," alisema Bi Makadirio, na wala hakumwachia mkono.